Fungu Alilolikataa Sharifu

Ninyi wanangu mkiachishwa kazi siku hizi mnakaa kitandani na simu mkononi, mnabonyezabonyeza, mambo yamekwisha. Hamwonani na mtu. Enzi zetu ilibidi uvae viatu, upande basi, upange foleni, halafu ukae mbele ya karani ujibu maswali. Karani mwenyewe, pale ofisini kwetu karibu na Lanham, nilikuwa mimi, Mama Mbonea, Mpare wa Same. Kazi yangu ilikuwa kupokea madai ya watu wa Maryland waliopoteza kazi. Mnacheka nini? Sisi Wapare tunasemwa tunapenda kesi. Basi mimi nililipwa mshahara kwa kusikiliza kesi za watu kutwa nzima, nilitaka nini tena?

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwa nini televisheni ikiyaita malipo yale "dole" mimi nazima televisheni. Nilimjibu kwa Kiswahili, akaelewa nusu, akarudi kwenye michezo yake. Nikaona afadhali niandike. Atakayetaka atasoma, asiyetaka shauri yake.

Kwanza tuelewane malipo yale yalikuwa nini. Mwajiri wako, wakati wewe unafua mashuka yake au unawaogesha wazee wake, anatozwa kodi na jimbo, na kodi ile inawekwa pembeni kwa ajili ya siku mbaya. Akikuachisha bila kosa lako, unakwenda kudai, unapewa kiasi kila wiki huku ukitafuta kazi nyingine. Ni bima. Hakuna aliyekuonea huruma hapo. Nimelisema hili mara nyingi mpaka mume wangu alikuwa akinisikia nalisema usingizini.

Watu wetu walikuwa na makosa yao ambayo Mmarekani hawezi kuyafanya. Kuna dada mmoja wa Kikenya, mtu wa Nyeri, alikuwa akitunza wazee. Kampuni yao ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Namuuliza ilikuwaje, ananinyooshea shingo: "Mimi niliacha. Nilichoka nao." Nikamwinamia: "Dada, anayeacha mwenyewe hapati kitu. Uliacha au uliachishwa?" Akageuka kuitazama foleni kama kuna mtu wa kwao. "Wacha nikuambie ukweli," akanong'ona, "hao watu walinifuta. Lakini tafadhali usiambie mtu." Nimwambie nani? Foleni nzima ilikuwa imefutwa!

Na kuna mzee mmoja Mkongo, "papa" kama wanavyoitana kwao, suti na tai, viatu vinang'aa kama anakwenda harusini. Nilikuwa namtafsiria mwenzangu Mmarekani wa dirisha la pili. Sheria inataka mtu aseme yuko tayari kufanya kazi. Wiki hii unaweza kufanya kazi? "Kama Mungu anapenda, mama." Kesho ukiitwa utakwenda? "Kama tunaamuka muzima." Mwenzangu akaweka kalamu chini akaniuliza, hiyo ni ndiyo au hapana? Nilieleza, nikaeleza. Mpaka leo sidhani kama alinielewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa msimamizi wangu, Miss Odessa, mama Mmarekani mweusi aliyekulia mashambani huko kusini. Alikuwa mkali, mkikosea alikuwa anawaita kwa jina la ukoo. Alinifundisha kwamba ukimuuliza mtu siku yake ya mwisho kazini, wewe tazama kalamu yako, usimtazame machoni. Na asikusikie hata siku moja ukisema "tutakusaidia." Useme, "hebu tuangalie unastahili nini." Mwanzoni niliona ni mbwembwe za Kimarekani tu, maneno ni maneno. Nilikuwa sijakutana na kesi ya Sharifu.

Sharifu alikuwa mzee wa Lamu, akiishi peke yake Silver Spring, kwenye zile fleti za juu ya duka la vyakula vya Kiafrika. Mkewe alikwishafariki. Alikuwa na binti mmoja Mombasa aliyekuwa chuoni, na kila alichokipata kilikuwa njiani kwenda kwa binti. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye dobi la hoteli moja kubwa kandokando ya barabara ya Beltway. Shuka likipita mikononi mwake huna la kusema. Alinitembelea mara ya kwanza, akatazama kitambaa cha meza yangu, akatikisa kichwa: "Mwanangu, hiki kimepigwa pasi na adui yako." Akavua koti, akaomba pasi. Nikampa!

Nilimpenda mzee yule. Watoto wa Waislamu walikwenda kwake Jumapili kusoma Kurani, na wa kwangu, Walutheri hao, walikuwa wakitoroka kwenda nao kwa ajili ya halua. Watu wazima wakimsalimia walitaka kumbusu mkono, naye aliuvuta haraka, anaona haya. Maana alikuwa Sharifu kwelikweli, si jina tu. Masharifu ni kizazi cha Mtume, na kwa desturi zao zaka na sadaka za watu hawazili. Zawadi utampa, atapokea na kukuombea dua. Ukimwambia ni sadaka, hata akiwa na njaa atakurudishia. Hivyo ndivyo alivyolelewa na babaye, na babaye na babaye.

Ikawa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Magazeti yote yanaimba kwamba kazi ziko tele, watu wa kompyuta wanahangaika na mwaka elfu mbili, na ile hoteli ikafungwa. Iliuzwa. Wafanyakazi waliambiwa asubuhi, jioni wakarudisha sare. Sharifu hakumwambia mtu. Nilikuja kujua kwa sababu wenzake wa dobi walijaa kwenye foleni yangu, wa El Salvador, wa Ethiopia, wa hapa hapa, na yeye simwoni.

Jumamosi ile tulikuwa na kipaimara cha mwanangu Mbonea, nyumbani kwetu Bowie. Watu walikuwa wengi, magari yamejaa mpaka kwenye nyasi za jirani. Kuku wa Waislamu nilimnunua Silver Spring na kumpikia sufuria yake mbali. Sharifu alipofika nilimvuta jikoni.

"Sharifu, hoteli imefungwa na wewe umenyamaza?"

"Mwanangu, leo ni furaha ya mtoto. Tusiitie doa."

"Kuna haki yako ofisini kwetu. Umefanya kazi miaka yote ile, mwajiri alikuwa anailipia. Jumatatu uje."

Akaniuliza maswali, tena maswali ya mtu mwenye akili. Nani anatoa? Kwa nini? Na meneja wa hoteli, mwenye pesa zake, akiachishwa naye anapewa? Nilijibu yote. Akafikiri, akatabasamu. "Basi Jumatatu n'takuja, inshallah." Nilifurahi jamani. Nikajua mzee amepona, pesa ya dawa itapatikana, maana nilijua pia ana kisukari, na bima yake ya matibabu ilikuwa imekwenda pamoja na kazi.

Tukakaa kula. Mtu mmoja akamuuliza Sharifu, kwa wema tu, sasa atafanyaje. Naye akajibu wazi, bila aibu: "Mama Mbonea ameniita ofisini kwake. Kuna haki yangu huko."

"Ahaa!" Dokta Lema akadakia. "Dole!"

Dokta Lema alikuwa Mchaga wa Machame, amesoma Uingereza, akifundisha kwenye chuo kimoja hapa Maryland. Hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa maneno. Neno halipiti mbele yake bila kulichinja na kulichuna. Akainuka na paja la kuku mkononi, akaanza somo. Neno hili, akasema, wala msidhani ni dole gumba. Ni la Waingereza. Zamani kwao tajiri akifa, masikini walikuwa wakikusanyika mlangoni mwa kanisa, wanagawiwa mikate na vijisenti ili wamwombee marehemu. Mgawo ule ndio uliitwa dole. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilipoanza kuwalipa wasio na kazi, watu wakayabandika malipo yale jina lile lile, nusu kwa mazoea, nusu kwa dharau. "Mimi nilipokuwa nasoma kule," akamalizia, "mtaa mzima niliopanga ulikuwa unakula dole!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama Sharifu. Alikuwa ameweka sahani chini.

"Dokta," akasema taratibu, "yaani asili yake ni sadaka."

"Kwa asili, ndiyo, mzee wangu. Tena sadaka ya matanga."

Kicheko kikafa. Kila mtu mle ndani alijua yule ni nani na asichokila ni nini. Hata Dokta alijua, nikamwona akijaribu kuyameza maneno yake, lakini yalikwishatoka. Sharifu akamalizia maji yake, akambariki Mbonea, akaomba koti.

Nilimrudisha mwenyewe kwa gari. Nilibishana naye Beltway nzima. Nilimwambia Dokta anasema habari za Waingereza wa kale, hapa hata jina hilo si la serikali, ni la mitaani tu. Nilimwambia ni bima, bima, bima. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma kwa makosa.

"Mwanangu, nnakuelewa. Kwa sheria yao ni bima. Lakini wale pale mezani watasemaje? Sharifu anakula dole. Na dole wameshaambiwa ni nini, mbele yangu, na mimi nimenyamaza."

"Waseme! Wao ndio watakaokununulia dawa?"

"Jumatatu usinitarajie."

Alipoteremka nilipiga usukani mpaka honi ikalia. Nilikuwa na hasira na yeye, na Dokta, na Waingereza wote na mikate yao.

Sasa mtaniuliza, Mama Mbonea, si ungemjazia tu? Hamjui kazi ile. Mdai lazima aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ameachishwa, kwamba anaweza kufanya kazi, kwamba anaitafuta, na kila wiki aseme tena. Huwezi kumsemea mtu. Na wiki ikipita hujadai, imepita, hairudi. Ndiyo maana nawaambia siku zote, siku unayoachishwa ndiyo siku ya kwenda. Usikae nyumbani kuuguza fahari yako.

Majira ya baridi yakaingia. Nilikwenda kwake kila nilipotoka kanisani. Nilibeba chakula nikakiita zawadi, akapokea kidogo, akanirudishia vyombo vimejaa mahamri ili tuwe sawa. Unga wa mahamri yale aliupata wapi, sikuuliza. Nilimleta shehe wa msikiti wao, kijana mwenye elimu, akamweleza kwamba haya si zaka wala sadaka, na hata ingekuwa sadaka, mwenye dhiki ana ruhusa. Sharifu akamshukuru sana. "Dhiki bado," akasema.

Alikuwa anatafuta kazi. Gari alikwishaliuza, kwa hiyo alikwenda kwa miguu, dobi hadi dobi, kwenye theluji, na viatu vile vyembamba vya kwendea msikitini. Kila dobi walimtazama ndevu zile nyeupe, wakamwambia tutakupigia simu. Na binti yake Mombasa aliambiwa kila wiki kwamba kazi inaendelea vizuri, alhamdulillahi.

Dokta Lema naye alikuwa hana usingizi. Namshuhudia. Alikuja ofisini kwangu siku moja kwenye chakula cha mchana, hajanyoa, amebeba makaratasi aliyonakili maktaba. "Dada, nimepata! Nilisema nusu." Akanieleza kwamba kabla ya habari za mikate na misiba, kwenye Kiingereza cha kale kabisa, neno lile lilikuwa na maana ya fungu. Fungu la mtu katika kugawana kitu. Shamba likigawanywa, hiki changu, hiki chako. Sadaka ilikuja baadaye. "Fungu lake, dada! Si ndicho ulichokuwa unamwambia?"

Tukaenda wote jioni ile. Sharifu akatukaribisha, akatupa chai ya tangawizi bila sukari, akasema sukari amekatazwa na daktari. Fleti ilikuwa na baridi, amevaa koti ndani. Dokta akapiga magoti kwenye zulia, mtu mzima yule na digrii zake, akasoma makaratasi huku machozi yanamtoka. Sharifu akamwacha amalize.

"Nimekusikia, mwanangu. Nimekusamehe tangu siku ile ile. Lakini hebu niambie. Neno lilianza fungu, likaishia sadaka. Watu wa leo wakilitamka, wanakusudia lipi?"

Dokta akanitazama. Mimi nikatazama kikombe changu. Tulijua sote wanakusudia lipi. Televisheni ilikuwa inalitangaza kila siku, kwamba kuna watu wamekaa tu wanakula jasho la wenzao.

"Mnaona," akasema Sharifu. "Mimi silikatai fungu langu. Ila limekaa na jina baya muda mrefu, na mimi nimeshakuwa mzee, siwezi kulisafisha."

Nililia njiani. Dokta naye. Nikafikiri kama lile neno lingekuja pale mezani na maana yake ya kwanza, au lisingekuja kabisa, mzee angekuwa ofisini kwangu Jumatatu ile ile, nimemaliza naye kabla ya saa sita. Ni hilo tu lililomponza mtu, somo moja la mezani.

Kilichofuata kilikuwa mguu. Mwenye kisukari hasikii kidonda. Kiatu kilikuwa kimemla kisigino wiki nyingi na yeye anatembea. Na dawa, tulikuja kujua, alikuwa akizigawa nusu, halafu robo, ili zifike mbali. Jirani yake ndiye aliyeita ambulansi. Hospitali ilimpokea kwa dharura, ikaukata mguu chini ya goti, na wiki hiyo hiyo akapata kiharusi akalala upande mmoja. Siwezi kueleza zaidi. Nilimwona akitafuta kwa mkono mzima mguu usiokuwapo ili auvute chini ya shuka, na shuka lenyewe lilikuwa limekunjamana, na hakujaribu kulinyoosha. Hapo ndipo nilipojua tumempoteza.

Hana kazi, hana bima, hana mtu wa kumwogesha. Wakampeleka kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa wasio na kitu. Ilikuwa safi na wahudumu wake wapole. Iliendeshwa kwa michango ya wasamaria wema, kuanzia vitanda hadi chumvi ya supu. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua nani analipia nini, kwa hiyo nilijua. Yule mzee aliyekimbia bima yake ya kazi kwa kuogopa jina la sadaka, sasa alikuwa amelala juu ya sadaka yenyewe, amefunikwa nayo.

Siku chache baadaye msichana wa Kikenya aliyekuwa mhudumu pale alinipigia simu. "Mama, guka huyu, yaani huyu babu, hataki kula. Aliniuliza chakula ni cha nani, nikamwambia asijali, hapa ni free, watu huchanga. Tangu hapo amefunga mdomo."

Niliomba ruhusa kwa Miss Odessa, nikaendesha gari sijui hata taa nilizipitaje. Nikamkuta amegeukia ukutani, midomo imekauka. Uji umepoa kando. Nikavuta kiti upande wa jicho lake zima.

"Sharifu. Ni mimi, mwanao."

Maneno yake yalikuwa yakitoka kwa shida, moja moja. "Cha nani... hiki?"

Wanangu, miaka yote nikiwa dirishani niliwaonya watu kwamba kusema uongo kwenye madai ni kosa la kupelekwa mahakamani. Nilikuwa nalisoma onyo hilo kwa sauti, kwa kila mtu, na nilikuwa naliamini.

"Chako," nikamwambia. "Nimekushughulikia ile bima ya hotelini. Imekubaliwa. Ndiyo inayolipa kitanda na chakula, vyote. Yule mhudumu ni mgeni hapa, hajui kitu."

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na mimi sikutazama pembeni.

"Wallahi?"

Mimi Mlutheri, mke wa mzee wa kanisa. "Wallahi, Sharifu."

Akafungua kinywa. Nikachukua kijiko, nikaanza kumlisha.